Jumapili ya Kushuka Kati

Jumapili ile Mchungaji Ambilikile alisimama mbele ya washarika wake, akafumba macho, akafungua kinywa kuomba amani kama alivyoiomba kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja, na sala haikutoka. Hakuwa amesahau maneno. Maneno yalikuwa yamejaa kooni, lakini kila alipotaka kuyatamka aliyaona yamechakaa, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mpaka huwezi kusema zamani ilikuwa ya rangi gani. Washarika walisubiri. Mtu akakohoa. Benchi likalia. Mchungaji akafumbua macho, na katika kanisa zima lililoinamisha vichwa akaona mtu mmoja tu anayemtazama. Alikuwa Mama Sekela, benchi la tatu, mikono mapajani, uso mkavu.

Habari za Mama Sekela kila mtu alizijua. Mwanawe wa mwisho, Gwakisa, aliuawa siku arobaini zilizopita kule bondeni, na mwili wake ulikuwa bado uko huko kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kuuchukua. Kila asubuhi, akiinama uani kuwasha moto, Mama Sekela aliliona shati la bluu la mwanawe, nukta ndogo kwenye majani makavu. Alikuwa ameacha kulia. Alilitazama tu, akachemsha chai, akalitazama tena.

"Mchungaji," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Hiyo amani unayotuombea, umewahi kwenda kuitafuta?"

"Mama, tunaiomba kwa Mungu."

"Najua. Hata mimi naomba. Nauliza kama umewahi kwenda."

Vichwa viliinuka kimoja kimoja. Mchungaji alitazama kitabu chake cha ibada, akatazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango njia ilishuka moja kwa moja mpaka bondeni. Kwa miaka yote hiyo alihubiri akiwa ameuelekea mlango ule, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini waliolijenga kanisa waliuweka upande huo. Akafunga kitabu. Akakiweka juu ya meza, akavua joho, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.

Nchi ile ilikuwa na vilima viwili. Kimoja kiliitwa Mawio, ndicho cha Mchungaji na Mama Sekela. Cha pili kiliitwa Machweo. Bonde lililovitenganisha watu waliliita Kati, basi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulipa jina la mahali pa kuishi. Kila kilima kilihesabu miaka kuanzia siku kilipodhulumiwa, na hesabu hizo mbili zilipishana kwa siku tatu. Ndani ya siku hizo tatu ndimo ulimokuwa ugomvi wote, yaani nani alianza. Waliokuwapo hawakukubaliana, na ambao hawakuwapo walizijaza siku hizo kwa chochote walichohitaji ili waendelee kuchukia. Vita haikuwa kubwa. Ilikuwa ndefu. Watu walipanda mahindi, wakaoana, wakabatiza watoto, na kila baada ya muda mtu mmoja alishuka Kati na hakupanda tena.

Aliyeshuka na hakupanda miaka tisa iliyopita alikuwa Lugano, mdogo wake Mchungaji.

Kwenye kizuizi cha mwisho alikuwa amekaa Mwaisaka, mkuu wa walinzi, mwanamume mnene mwenye bunduki ya zamani na sauti ya upole. Mchungaji alimpa kipaimara kwa mikono yake mwenyewe.

"Unakwenda wapi, Baba Mchungaji?"

"Kumchukua Gwakisa."

"Ukivuka hapa siwezi kukulinda."

"Sikuja kuomba ulinzi."

"Na siwezi kukuahidi kwamba ukirudi nitakutambua. Wachache waliowahi kurudi kutoka huko walirudi watu wengine. Mmoja alikuwa rafiki yangu. Alinisalimia kwa jina ambalo si langu."

"Basi ukiniona sifanani na mimi, niulize jambo unalotaka. Nitajibu."

Mwaisaka akasogeza mti wa kizuizi, akageuza uso pembeni, kama mtu asiyetaka kuulizwa baadaye kama aliona.

Njia ya kushuka ilikuwa fupi kuliko alivyodhani, na hilo peke yake lilimtisha. Alikuwa amezoea kuliona bonde kutoka juu, likiwa mbali, kitu cha kusimuliwa. Sasa hatua mia mbili tu zilimfikisha kwenye nyasi zake. Jua lilikuwa utosini na lilibaki utosini. Alitembea, akatembea, akatazama chini asione kivuli chake. Akatazama mikono yake, ikamwonekea laini kama ilivyokuwa siku alipowekewa mikono kuwa mchungaji; akatazama tena, ikawa ya mzee kuliko umri wake. Kati hakukuwa na saa. Mambo yote yaliyowahi kutokea pale yalikuwa bado yamesimama palepale, yanasubiri mtu wa kuyaambia kwamba yamekwisha.

Akawaza. Kwa miaka kumi na mmoja nimeomba amani, lakini nilikuwa naomba nini hasa? Nilipokuwa nikisema amani, macho ya moyo wangu yalikuwa yanaona nini? Akajilazimisha kutazama, kwa sababu mahali pale hapakuwa na washarika wa kuwaonea haya. Akaona Machweo kumetulia. Kumetulia kwa kuwa hakuna mtu. Akaona nyumba zao zimefungwa, moshi wao umekatika, na watu wa Mawio wakishuka kwa furaha kulima mashamba ya bondeni. Hiyo ndiyo picha aliyoibeba chini ya kila amina. Aliomba ushindi, akauvalisha nguo za ibada, na siku zote alishangaa kwa nini Mungu ananyamaza.

Ananyamaza.

Au mimi ndiye niliyekuwa nazungumza bila kupumua.

Mimi ni nani hapa, ambapo hakuna anayeniita Mchungaji? Joho liko juu. Kitabu kiko mezani. Jina langu maana yake ni kwamba ameniita. Nani aliita? Mama Sekela aliuliza swali tu, na miguu ikatii kabla yangu.

Ndipo aliposikia jembe.

Mzee mmoja alikuwa anachimba. Alikuwa mrefu, amevaa koti lililopasuka begani, na nyuma yake ilikwenda mistari ya matuta yenye mawe, mingi, iliyonyooka kama bustani ya mtu anayejali. Yalikuwa makaburi. Mchungaji alifundishwa tangu utotoni kusalimia wakubwa, na salamu ikamtoka kabla hajakumbuka kwamba mtu yeyote akutanaye naye pale, ambaye hatoki Mawio, ni adui.

"Shikamoo."

"Marahaba, Lugano," akasema mzee bila kushtuka. "Umechelewa kuamka leo."

Mchungaji alirudi hatua moja nyuma. "Mimi si Lugano. Lugano ni mdogo wangu. Alikufa."

Mzee akaacha kuchimba, akamtazama kwa makini, akamzunguka kwa macho kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mgumu. "Kweli," akasema. "Wewe una mvi. Unisamehe, watu wa huku wanafanana. Mimi naitwa Ngailo, wa Machweo. Nilikuwa mwinjilisti."

"Ulimjua mdogo wangu?"

"Kwa muda mfupi sana. Mimi ndiye niliyemuua."

Alilisema hivyo hivyo, akiwa ameegemea jembe. Hakulipamba, hakulipunguza.

"Lini?" Mchungaji akauliza, ingawa alijua tarehe kuliko siku yake ya kuzaliwa.

"Jana."

"Ni miaka tisa sasa, Mzee."

"Huko kwenu ni miaka tisa. Huku ni jana. Alikuwa anakimbia, mimi nilikuwa nakimbia, tukakutana kwenye majani marefu, na mimi nilikuwa na panga tayari mkononi. Angekuwa yeye tayari, mimi ndiye ningekuwa pale." Akaonyesha kaburi la kwanza la mstari wa kwanza, lenye jiwe jeupe. "Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Kesho yake nikashuka kumzika. Nilipomaliza nikaona mwingine pembeni yake, wa kwetu. Nikamzika naye. Tangu hapo sijaweza kuacha. Wako mia moja na arobaini na wawili. Mifupa ukiishika haikuambii ilitoka kilima gani, kwa hiyo niliacha kuiuliza."

Mchungaji alikwenda mpaka kwenye jiwe jeupe. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akangoja machozi, yasije. Kilichokuja ni kitu kingine. Alielewa kwamba kwa miaka tisa, chini ya sala aliyoisema kwa sauti, kulikuwa na sala nyingine ndogo ambayo hata masikio yake hayakuisikia. Nionyeshe mtu huyo. Ilikuwa sala ya uaminifu, alikuwa hajaikosa hata Jumapili moja, na sasa ilikuwa imejibiwa. Mtu huyo alikuwa hapa. Alikuwa na koti lililopasuka na shingo nyembamba, alikuwa amegeuka kuendelea na kazi, na jembe la pili lilikuwa limelala kwenye nyasi, hatua mbili kutoka mkono wa Mchungaji.

Akaliokota.

Jua halikusogea. Majani hayakutikisika. Mpini ulikuwa wa moto.

Nikimpiga, hakuna atakayenilaumu. Mawio watanibeba mabegani.

Nikimpiga, kesho itakuwa jana. Nitasimama hapa na jembe hili, na kaburi la mia moja na arobaini na tatu litakuwa halina wa kulichimba ila mimi, na mimi nitachimba, na mtu fulani wa Machweo mwenye mdomo uliojaa sala atashuka siku moja anitafute.

Nisipompiga, Lugano atasema nini?

Lugano hakusema kitu. Lugano alikuwa kijana mcheshi aliyependa kuiga sauti za wahubiri, na kama angesema jambo lolote lingekuwa la kumchekesha kaka yake aliyesimama juani na jembe mkononi bila kujua la kufanya. Wazo hilo ndilo lililompiga Mchungaji kifuani. Kwa miaka tisa alimkumbuka mdogo wake kama jeraha. Alikuwa amesahau kwamba Lugano alikuwa mtu wa kucheka.

"Mzee Ngailo," akasema. "Sijakusamehe."

"Sikukuomba," mzee akajibu. "Ningekuomba kwa uso gani?"

"Nikikusamehe nitakuambia."

"Sawa."

"Kuna kijana mwenye shati la bluu. Yuko wapi?"

"Pale chini ya ukingo wa mfereji. Huyo bado sijamzika. Ni mzito, na mgongo wangu haubebi tena. Kuchimba naweza, kubeba peke yangu siwezi."

"Basi twende tukambebe. Wewe shika upande wa kichwa."

Wakaenda. Walipokuwa wanashuka kwenye mfereji mkavu, Mchungaji akauliza swali ambalo vilima vyote viwili vilikuwa vimelifia. "Ulikuwapo zile siku tatu za mwanzo?"

"Nilikuwapo."

"Nani alianza?"

"Ilinyesha mvua," akasema Ngailo. "Siku tatu mfululizo, mchana na usiku. Mfereji huu tuliuchimba pamoja, sisi na ninyi. Ukingo ukabomoka, maji yakaenda yalikotaka. Ninyi mkasikia kwamba tumebomoa. Sisi tukasikia kwamba mmebomoa. Mvua ilipokatika kila mtu alikuwa ameshika kitu mkononi. Nimelisema hilo mara nyingi kule kwetu. Wananiambia nimezeeka."

Mchungaji alisimama akatazama ukingo uliobomoka. Ulikuwa mdogo. Wanaume wanne wangeuziba kabla ya chai ya saa nne. Alitaka kukasirika, akacheka badala yake, kicheko kifupi kilichomwuma mbavu, na Ngailo akamtazama kwa hofu. Mchungaji mwenyewe alikitambua: kilikuwa kicheko cha Lugano.

Walimfunika Gwakisa kwa koti la mzee, wakamwinua. Alikuwa mzito kweli. Walitembea kwa kusimama na kuendelea, na kila waliposimama walibadilishana pande bila kuambizana. Kutoka Mawio walionekana wazi kabisa. Kutoka Machweo pia. Watu wa vilima viwili walikuwa wamejaa kwenye kingo, na kila upande uliona mtu wake na adui wamebeba mzigo mmoja, na hakuna aliyejua apige wapi asimpate wa kwake.

Mama Sekela hakusubiri. Alikuwa ameshatoka kanisani nyuma ya Mchungaji, akapitia nyumbani kuchukua mkeka, kata na ndoo ya maji, akapita kizuizini. Mwaisaka aliposimama mbele yake, alimwambia, "Mwanangu, niondokee njiani," na Mwaisaka akaondoka njiani. Alifika bondeni ndoo ikiwa kichwani, hajamwaga hata tone. Akautandika mkeka. Wakamlaza Gwakisa juu yake. Akafunua uso, akautazama kwa muda mrefu, akaufunika.

"Wewe ni nani?" akamwuliza Ngailo.

"Ngailo, wa Machweo."

"Una watoto?"

"Nilikuwa nao wawili, mama. Wako mstari wa nne."

Mama Sekela akageuka kuutazama mstari wa nne. Kisha akachukua kata, akamkabidhi. "Nimiminie maji," akasema. "Nataka kumwosha mwanangu."

Na mzee Ngailo akammiminia maji, taratibu, huku Mchungaji amekishika kichwa cha Gwakisa kisianguke nje ya mkeka. Hakuna aliyehubiri. Ilikuwa ibada ya kwanza katika maisha ya Mchungaji ambayo hakutamka neno, na ndiyo ya kwanza ambayo hakuwa na shaka kwamba inasikika.

Wanawake wa Machweo ndio walioanza. Mmoja alishuka, halafu watatu, halafu njia yote ikajaa khanga. Wa Mawio nao wakashuka. Walifika wakasimama pande mbili za makaburi, hawajui waangalie wapi, mpaka mama mmoja akauliza, bila kumlenga mtu, "Kuna yeyote aliyemwona aliyevaa mkanda wa shaba?"

"Mstari wa pili, wa tisa," akajibu Ngailo.

"Na mwenye pengo la mbele, kijana mfupi?"

"Mstari wa saba. Wa mwisho kabisa, kwenye ua la manjano."

Wote aliwakumbuka. Wa huku na wa kule, kwa vifungo vyao, kwa viatu, kwa kovu la goti. Mzee aliyeonekana amepungukiwa na akili alikuwa ndiye kumbukumbu nzima ya nchi ile, na sasa watu mia nne walimzunguka, wakiuliza, wakijibiwa, wakienda, wakipiga magoti. Walinzi wa pande zote mbili walikuwa na mama zao mle ndani. Mwaisaka alishuka na vijana wake. Bunduki aliiacha juu, au aliiweka mahali akasahau, hakuna aliyemwuliza. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani. Machweo waliuimba kwa lugha yao, Mawio kwa yao, na sauti ilikuwa moja, kwa sababu kumbe miaka yote hiyo walikuwa wanaimba wimbo mmoja, ila upepo ulikuwa hauvushi.

Ukaimbwa kwa nguvu. Ukaimbwa mpaka vilima vikarudisha. Na katikati ya ubeti wa tatu Mchungaji akaona, miguuni pa Mama Sekela, kivuli chembamba kimelala kuelekea mashariki. Halafu vivuli vingine, mamia. Jua lilikuwa limesogea. Mambo yaliyosimama bondeni kwa miaka kumi na mmoja yalianza kuwa ya jana, kisha ya juzi, kisha ya zamani, na watu walivuta pumzi kama waliotolewa kwenye chumba kisicho na dirisha.

Ngailo aliteleza kwenye udongo mpya. Mchungaji alimdaka mkono, akamwinua, akamkung'uta vumbi begani, pale palipopasuka. Mkono wake ukabaki pale begani. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akangoja ule uchungu wa miaka tisa uje kuuondoa. Haukuja.

"Mzee Ngailo. Lile nililosema nitakuambia."

"Ndiyo."

"Nakuambia."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara ya pili, kisha akainama kuokota jembe lake, akakaa ameinama hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota jembe.

Baadaye, Gwakisa alipokwisha kuzikwa na watu bado wanaimba, Ngailo akamjia na shuka jeupe lililofungwa vizuri, lenye mifupa aliyoitunza kando bila kuizika. "Huyu ni Kalinga," akasema. "Mama yake, Bibi Sekinyaga, miguu imekataa, hawezi kushuka. Aliomba mwanawe azikwe nyumbani. Nisaidie kumpandisha."

"Kwenu?"

"Kwetu."

Mchungaji hakuwahi kuipanda njia ile. Walipoanza kupanda, umati ukawafuata, Mawio na Machweo wamechanganyika, wimbo ukipanda nao, na Mama Sekela ametangulia mbele kabisa na ndoo yake tupu kichwani kama bendera. Watu waliobaki Machweo walitoka majumbani. Wengine walisimama kimya. Wengine walianza kupiga vigelegele kabla hawajajua wanashangilia nini.

Bibi Sekinyaga alikuwa amekaa kigodani mbele ya mlango wake, anapepeta mtama. Waliliweka shuka mbele yake. Aliweka ungo chini, akaligusa, akapitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama mtu anayepima usingizi wa mtoto. Aliinua uso, akamwona Ngailo, akamwona na mtu wa pili, mgeni, amejaa udongo mpaka viwikoni.

"Wewe uliyembeba mwanangu, unaitwa nani?"

Njia nzima ikanyamaza ili isikie.

"Naitwa Ambilikile, bibi. Mchungaji wa Mawio."

Bibi alimtazama. Alitazama mikono yake, akautazama umati uliojaza njia mpaka mwisho wa macho. Kisha akasogeza kigoda chake pembeni, mlango ukabaki wazi.

"Mikono inaoshewa ndani," akasema. "Pita."